Kishale Kikali: Namna ya Kukipima

Anayetafuta kielekezi kipya cha kipanya huvutwa kwanza na rangi, kivuli na mng'ao, na hayo ndiyo yasiyoonekana tena kishale kikianza kukimbia. Kinachobaki machoni ni ukingo, na ukingo huwa mkali pale tu mchoraji alipotii mistari ya pikseli. Umbo lenyewe linashuhudia. Kishale alichoonyesha Douglas Engelbart, mvumbuzi wa kipanya, huko San Francisco mwaka 1968 kilisimama wima. Maabara ya utafiti ya Xerox PARC ndiyo iliyokilaza miaka ya 1970, kwa kuwa skrini za wakati ule zilikuwa na pikseli chache. Upande wa kushoto ukawa mstari wima, wa pili ukateremka kwa nyuzi 45, pikseli moja kulia kwa kila moja chini. Mistari ya namna hiyo skrini huichora bila kusitasita. Basi kuza kishale mara nane ukague upande wake wa kushoto: nyeusi ikipakana na nyeupe moja kwa moja, mchoraji alifanya kazi, ukikuta safu ya kijivu katikati, alichora kikubwa akakipunguza, na hakuna mapambo yatakayoficha uvivu huo.

Wapo watakaosema skrini za leo zina pikseli nyingi mno, hivyo hoja hii imezeeka. Sivyo. Kishale cha pikseli 32 kikikuzwa kwa asilimia 200 hufika 64 salama, lakini kwa asilimia 150 hufika 48, na mstari wa pikseli moja hudai moja na nusu, ndipo ukungu unaporudi. Faili moja ya kielekezi cha Windows inaweza kubeba saizi kadhaa, kwa hiyo dai kila saizi iwe imechorwa upya. Nakubali kwamba mkia, ulioinama kwa pembe nyingine, unahitaji kulainishwa. Ila ulainishwe kwa uwazi wa kweli. Uliochanganywa na nyeupe huacha ukoko mweupe juu ya picha nyeusi.

Kisha lenga ukingo mwembamba wa dirisha: pikseli inayobofya isipokaa nchani, uzuri mwingine wote ni bure. Kielekezi cha maandishi kijaribie juu ya kijivu cha wastani, maana kile kinachogeuza rangi ya chini yake hugeuza kijivu kuwa kijivu, kikapotea.