Kiassam na Kislovakia: Lugha Mbili Zilizoitwa Lahaja

Kiassam cha bonde la Brahmaputra na Kislovakia cha milima ya Tatra ni matawi ya mbali ya mti mmoja, ukoo wa Kihindi-Kiulaya. Mslovakia huhesabu dva, tri. Mwassam, dui, tini. Kisarufi zimeachana: nomino za Kislovakia zina jinsia tatu, Kiassam hakina hata moja.

Ulinganisho wenye uzito umo katika historia. Kila moja iliitwa lahaja ya jirani. Mwaka 1836 Waingereza waliingiza Kibengali katika mahakama na shule za Assam. Kiassam kikarejeshwa 1873. Ľudovít Štúr na wenzake walikisanifu Kislovakia mwaka 1843. Ján Kollár, mshairi Mslovakia aliyetunga kwa Kicheki, akawapinga.

Hata hivyo, aliyeonewa naye huweza kuonea. Mwaka 1960 Kiassam kilifanywa lugha rasmi ya jimbo. Tarehe 19 Mei 1961, mjini Silchar, polisi waliwapiga risasi waliokitetea Kibengali, watu 11 wakafa. Sheria ya lugha ya Slovakia ya 1995 nayo ililalamikiwa na wasemaji wa Kihungaria. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ushindi wa lugha haukamiliki mpaka iheshimu ya jirani.