Virtual Sexuality: mwili wa kuazima na bei yake

Kama hujawahi kuisikia Virtual Sexuality, hauko peke yako. Ni kichekesho cha vijana kutoka Uingereza, cha mwaka 1999, kilichoongozwa na Nick Hurran kutokana na riwaya ya Chloë Rayban. Jina lake linatisha kuliko filamu yenyewe. Ndani yake kuna utoto mwingi kuliko uchafu. Nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka nikaisahau. Mara ya pili niliitazama Kibiti, ninakofanya kazi ya uandishi wa habari, na hiyo ya pili ndiyo iliyoniketisha kuandika.

Hadithi ni nyepesi. Justine (Laura Fraser) ana miaka 17, anaishi London, na anamsubiri mwanamume anayefaa kuwa wa kwanza. Alex, kijana anayemtamani, anamkacha siku ya miadi. Justine anaishia kwenye maonyesho ya teknolojia na rafiki yake Chas, kijana wa kompyuta asiye na mbwembwe. Huko kuna mashine inaitwa Narcissus: unaingia, unaiona sura yako, unaibadilisha utakavyo. Justine hajirekebishi yeye. Anaitumia kumuunda mwanamume wa ndoto zake. Mlipuko unatokea, na anapozinduka yumo ndani ya mwili wa huyohuyo mwanamume. Anaitwa Jake (Rupert Penry-Jones).

Nianze na sifa. Penry-Jones ana kazi ngumu: amcheze msichana aliyenasa kwenye mwili wa mwanamume mzuri, bila kuigeuza kazi hiyo kuwa dhihaka kwa wanawake. Kwa sehemu kubwa anafaulu, kwa sababu kinachotuchekesha ni mgeni asiyeijua nyumba aliyoingia, wala si "tabia za kike". Kasoro ninayoiona mimi ni kwenye orodha ya Justine. Mwanamume wake bora ni taya, nywele, macho na misuli. Narcissus haina kitufe cha subira wala cha utu. Filamu inajua hilo, ndiyo maana imemweka Chas pembeni muda wote. Lakini inalisema harakaharaka, kama mwalimu anayemalizia somo kengele imeshalia.

Sasa, sisi tuna hadithi hii. Msomaji yeyote aliyekaa jikoni kwa bibi yake anamkumbuka yule msichana aliyekataa wachumba wote wa kijijini, akamchagua mgeni mzuri asiye na kovu hata moja, kumbe ni zimwi. Mwandishi wa Nigeria, Amos Tutuola, alimpeleka mbali zaidi bwana huyo kwenye riwaya yake ya 1952: mwanamume aliyeazima viungo vyote vya mwili wake, na njiani akawa anavirudisha kimoja kimoja kwa wenyewe. Huyo ni Jake kabla ya kompyuta. Mwaka huohuo wa 1952, Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze, ambamo Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani kwa ubaya waliomtendea ndugu yao. Kwetu, mwili ukibadilika ujue kuna kosa. Mwili mpya ni hukumu, na mume wa kujichagulia ni mtego.

Filamu ya Hurran inaupindua mkondo huo, na hapo ndipo ninapoiheshimu. Msichana anachagua na haliwi na zimwi. Anaingia ndani ya chaguo lake, analivaa, anaona dunia inavyompokea akiwa humo, halafu anaanza kujiuliza kama ndicho alichokitaka. Hakuna anayemwadhibu kwa kutamani, na ukweli ni kwamba sikumbuki hadithi nyingi za Kiswahili zilizompa msichana nafasi hiyo.

Lakini nafasi hiyo tunayo mahali pengine, nje ya vitabu. Hapa Pwani kuna unyago. Yanayofundishwa ndani siyaandiki, ya ngomani hubaki ngomani. Ninachoweza kusema ni kile kila mtu anakijua: kungwi huigiza. Huwa mke, huwa mume, huwa mume mlevi, na wanawake waliomzunguka hucheka mpaka machozi. Kwa hiyo mwanamke kuuingia mwili wa mwanamume ili mwanamwali ajifunze kitu si jambo lililoletwa na mashine ya London. Tofauti ni swali. Kungwi anamfundisha mwali mume alivyo na namna ya kuishi naye. Narcissus inamuuliza msichana, "Wewe unataka nini?" Swali la kwanza lina hekima nyingi. La pili halina hekima kubwa, lakini ni swali, na msichana ndiye anayelijibu.

Tufike sasa kwenye kilichonikaa rohoni. Justine ana miaka 17. Kwa Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, mwanamume anaweza kuoa akiwa na miaka 18, mwanamke kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mhamishe Justine kutoka London umlete Kibiti, au umvushe kwa boti hadi kwenye vijiji vya delta vilivyozungukwa na mikoko. Katika mwili wake mwenyewe, sheria hiyo inamruhusu kuwa mke wa mtu tangu miaka 2 iliyopita. Muingize kwenye mwili wa Jake, umri uleule, akili ileile, na ghafla bado ni mtoto, asubiri mwaka mwingine. Huko Uingereza ya 1999 umri ulikuwa mmoja kwa wote wawili, miaka 16 kwa ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo filamu haikuhitaji kuligusa jambo hili. Kwetu lingekuwa ndio moyo wa hadithi.

Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Katikati ya hukumu hizo mbili, Juni 2017, ilikuwa mkoani Pwani, mkoa huuhuu wa Kibiti, Rais Magufuli alipotangaza kwamba mwanafunzi atakayezaa hatarudi shuleni. Mlango huo ulifunguliwa tena Novemba 2021. Mtu atasema, mbona sheria inamfunga miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba? Ni kweli, imeandikwa. Ila kifungo kinahitaji kesi, na kesi inahitaji shahidi wa kusafiri hadi mahakamani. Tumbo halihitaji shahidi.

Ndiyo maana, nilipoitazama mara ya pili, sikuuonea wivu uzuri wa Jake wala mashine yenyewe. Niliuonea wivu wepesi wa hadithi. Justine anakosea, anadanganyika, anatamani mtu asiyefaa, na kesho yake maisha yapo palepale yanamsubiri. Kichekesho cha mapenzi ya ujana hakiwezi kusimama bila dhamana hiyo. Mwaka 1971, mwaka uleule wa Sheria ya Ndoa, Kezilahabi alitupa Rosa Mistika: baba anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, na barabara inayoanzia hapo inaishia kaburini. Ni riwaya kubwa, iliwahi kuzuiwa mashuleni, na ninaipenda. Lakini zaidi ya nusu karne baadaye, binti wa fasihi yetu anayetamani bado anapewa njia mbili tu, zimwi au kaburi.

Sisemi Virtual Sexuality ni filamu kubwa. Katikati inayumba, muziki wake umezeeka, na wahusika wa pembeni ni vivuli tu. Ningependa hata hivyo impate mmoja wa wale mafundi wetu wa kutafsiri movie kwa Kiswahili, wanaojaza utani wao pale mwongozaji aliposinzia, iwekwe kwenye flashi za vijana wa stendi ya Kibiti. Na ningependa zaidi mwandishi mmoja wa kike wa Pwani atuandikie ya kwetu: binti wa Nyamisati anaamka asubuhi akiwa mvulana, anatoka nje, na anagundua kwamba leo hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Aifanye ichekeshe. Mwenye kusoma ataijua bei bila kutajiwa.