Mshindi ni Aliyechelewa Kufika

Kumhesabu mtu kuwa ndiye wa mwisho kuandika kwa sababu tu mtandao wake ulichelewa kurudi ni kosa la usanifu, na watengenezaji wa Figma, programu ya kuchorea skrini kwa pamoja mtandaoni, walilifanya wakiwa macho kabisa. Evan Wallace, mmoja wa waanzilishi wake, alieleza Oktoba 2019 jinsi watu wengi wanavyochora ndani ya faili moja. Kila umbo lina sifa zake: rangi, upana, maandishi. Wawili wakigusa sifa tofauti, zote zinabaki. Wakigusa sifa ileile, inabaki thamani iliyoifikia seva mwisho. Mtandao ukikatika, wewe unaendelea kuchora. Ukirudi, programu inashusha nakala mpya ya faili, inapachika juu yake yote uliyoyafanya ukiwa nje, na kazi inaendelea. Hapo kwenye kupachika ndipo penye tatizo.

Chukua kitufe kimoja cha skrini ya malipo. Saa tatu asubuhi mbunifu aliye safarini, bila mtandao, anabadilisha “Lipa” kuwa “Lipa sasa”. Saa tano wenzake ofisini wanajadiliana na mwanasheria na kuafikiana kitufe kiseme “Lipa 45,000, hairudishwi”. Saa kumi jioni yule wa safarini anapata mtandao, na kitufe kinasema “Lipa sasa”. Kazi ya saa tatu imeifuta kazi ya saa tano, na kanuni hiyohiyo inaitwa “mwandishi wa mwisho ndiye mshindi”. Mwandishi wa mwisho alikuwa ofisini! Seva haikupima nani aliandika lini. Ilipima nani alibisha hodi lini. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni anaingia na mwenyeji anapoteza mali yake bila hata kuambiwa. Wallace mwenyewe hakuficha kitu kuhusu maandishi: neno likiwa B, mmoja akaligeuza AB na mwingine BC, utapata AB au BC, kamwe si ABC. Kati ya watu wanaotazamana mubashara hilo linavumilika, maana aliyepoteza anaona papo hapo na anaandika tena. Kati ya mtu wa asubuhi na watu wa mchana hakuna anayeona.

Na asije mtu akasema dawa ni kufuata saa za vifaa. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alishaonyesha mwaka 1978 kwamba utaratibu wa matukio katika mfumo uliotawanyika hauhitaji saa ya ukutani, unahitaji kujua tukio lipi lilijua habari za lipi. Bado miaka nenda rudi tunaletewa hifadhidata zinazoamua mshindi kwa mihuri ya muda, Cassandra ikiwa mojawapo, halafu tunashangaa kompyuta ambayo saa yake imekimbia inashinda kila ugomvi. Swali la maana kwa kitufe chetu ni moja: mtu wa safarini alipoandika “Lipa sasa”, alikuwa anaona nini? Alikuwa anaona “Lipa”. Seva sasa ina kitu kingine. Basi kati yake na wenzake wa ofisini hakuna aliyejua maandishi ya mwingine, na yeyote utakayempa ushindi umempa kwa kubahatisha.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo. Lotus Notes, programu ya ofisi kushirikiana hati iliyotengenezwa na Ray Ozzie na wenzake, ilitoka mwaka 1989, enzi ambayo ofisi nzima iliungana na ofisi nyingine kwa modemu na simu. Hati moja ikihaririwa pande mbili, Notes ilimteua mshindi, na uteuzi wake wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo: hati iliyohaririwa na kuhifadhiwa mara nyingi zaidi ndiyo iliyokuwa kuu. Lakini iliyoshindwa haikutupwa. Ilining’inizwa chini ya mwenzake ikiwa na alama ya mgongano, mtu azisome zote mbili na kuamua. Bayou, mfumo wa kuhifadhi data wa maabara ya Xerox PARC, mwaka 1995, ilikwenda mbali zaidi: kila andiko lilibeba sharti la kukaguliwa na utaratibu wa kufuata sharti likivunjika, na programu iliweza kumwonyesha mtumiaji kipi bado ni cha muda na kipi kimethibitishwa. Damien Katz, aliyewahi kuifanyia kazi Notes, alianzisha hifadhidata ya CouchDB mwaka 2005 akafuata njia hiyo: nakala zote zinamchagua mshindi yuleyule bila kushauriana, na toleo lililoshindwa linabaki ndani likisubiri kuulizwa. Mfumo wa eCHIS wa Kenya, ambao wahamasishaji wa afya ya jamii huutumia kwenye simu hata pasipo na mtandao, umejengwa juu ya Community Health Toolkit, na chini ya hiyo iko CouchDB. Rekodi ya mjamzito haiwezi kuendeshwa kwa kanuni ya aliyebisha hodi mwisho.

Watetezi wa njia ya Figma wana hoja, na ya kwanza ina uzito: watumiaji waliichukia Notes kwa sababu ya hati hizohizo za mgongano, na wanaichukia Dropbox inapowaachia faili la pili lenye jina refu linalotaja mgongano. Ni kweli, ni takataka. Ila takataka hiyo ilitokana na kugombania hati nzima au faili zima. Figma tayari imeligawa faili hadi kwenye sifa mojamoja, kazi nzuri kabisa, kwa hiyo migongano ya kweli ingekuwa michache na midogo: kitufe kimoja chenye maandishi mawili na kidoti cha kubofya. Hoja ya pili ni historia ya matoleo, kwamba chochote kilichopotea kinarejeshwa. Kinarejeshwa na mtu anayejua kimepotea. Mwanasheria wetu hafungui historia ya faili analoamini lilifungwa saa tano.

Hoja ya tatu ni ya vijana wa CRDT, yaani miundo ya data ambayo nakala zake huungana zenyewe: miundo hiyo, iliyoelezwa na Marc Shapiro na wenzake mwaka 2011, inaunganisha yote bila kumdhulumu mtu. Herufi haitapotea, sawa. Lakini ukiyaunganisha maandishi mawili ya kitufe chetu herufi kwa herufi unaweza kupata sentensi ambayo hakuna aliyeiandika, na muungano huo nao utapita kimya. Miongoni mwa miundo hiyohiyo upo unaoshika thamani zote zinazogombana hadi mtu achague, ila hauna mvuto kwenye maonyesho ya bidhaa.

Gharama ya kurekebisha ni ndogo. Kila badiliko lililofanyika nje ya mtandao libebe thamani iliyokuwepo lilipofanywa. Seva ikiwa bado na “Lipa”, badiliko lipite bila kumsumbua mtu. Seva ikiwa na kingine, thamani ya seva ibaki, ile iliyochelewa iwekwe kando yake, na wote wawili waarifiwe. Ukaguzi huo ni wa mstari mmoja wa msimbo kwa kila sifa, na unafanyika mara moja tu, mtu anaporudi mtandaoni.