Jinsi kiyoyozi kilivyogeuzwa silaha ya mbio

Aprili 2017, jijini New York, Dodge ilizindua Challenger SRT Demon: gari la barabarani lenye injini ya V8 ya lita 6.2 na supachaja ya lita 2.7. Likitiwa mafuta ya mashindano ya oktani 100, lilitoa nguvu ya farasi 840, na chama cha mbio za mstari mnyoofu cha Marekani, NHRA, kilithibitisha kwamba lilikata robo maili kwa sekunde 9.65. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu farasi hao. Kilichostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni mabomba ya kiyoyozi, kwa sababu wahandisi waliichukua gesi inayompoza dereva wakaipeleka kupoza maji ya intakula, yaani kipozeo cha hewa inayoingia kwenye injini.

Ili kuelewa kwa nini walifika huko, ni lazima kuanza na joto la hewa yenyewe. Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, kazi yake ikiwa kushindilia hewa nyingi ndani ya silinda kuliko ambayo injini ingevuta yenyewe. Hewa ikibanwa hupata joto, kama anavyojua yeyote aliyeshika shina la pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Kwenye Demon, hewa hubanwa kwa takriban bar 1 juu ya shinikizo la angani, yaani shinikizo huwa karibu mara mbili. Hesabu ya fizikia inaonyesha kwamba hewa ya nyuzi 30, ikibanwa mara mbili kwa supachaja yenye ufanisi wa asilimia 65, hutoka ikiwa na nyuzi zinazokaribia 130.

Hewa ya namna hiyo ina hasara mbili. Kwanza, imetanuka, kwa hiyo oksijeni inayoingia kwenye silinda hupungua. Kuishusha kutoka nyuzi 60 hadi 40 tu, shinikizo likibaki lilelile, huongeza uzito wa hewa kwa asilimia 6 hivi.

Hasara ya pili ndiyo inayomuumiza dereva papo hapo. Hewa ya moto huweza kufanya mchanganyiko wa mafuta ulipuke ovyo kabla moto wa plagi haujaufikia, na milipuko hiyo hupasua pistoni. Kompyuta ya injini haisubiri hilo litokee. Sensa ikisoma joto kubwa, kompyuta huchelewesha cheche ya plagi, na nguvu hushuka. Gari lililotoka kiwandani na farasi 700 linaweza kukimbia likiwa na upungufu mkubwa wa nguvu bila chochote kuharibika.

Magari mengi ya kisasa yenye supachaja hutumia intakula ya maji. Hewa ya moto hupita kati ya mapezi ya alumini, maji yanayozunguka ndani ya mapezi hayo hulibeba joto, kisha pampu ya umeme huyapeleka kwenye rejeta ndogo mbele ya gari ili yapozwe na upepo. Mzunguko huu ni tofauti na ule wa maji ya injini. Faida yake ni kwamba intakula inaweza kukaa ndani kabisa ya supachaja, na njia ya hewa ikawa fupi. Kikomo chake ni kwamba rejeta inayotegemea upepo haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa ya nje. Siku ya nyuzi 35, maji hayatafika 30 hata rejeta iwe kubwa kiasi gani.

Hapo ndipo kiyoyozi kilipoingia. Kwenye Demon, maji yakishatoka kwenye rejeta hupita katika kifaa kinachopitisha gesi baridi ya kiyoyozi, hupozwa mara ya pili, kisha huenda kwenye intakula. Wazo hili halikuzaliwa Dodge, kwani Ford, ikishirikiana na kampuni ya vipuri ya Visteon, ilikwisha kuonyesha mfumo wa aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dodge ndiyo iliyoliingiza kwenye gari la kuuzwa likiwa limetoka kiwandani na kila kitu.

Msomaji makini atauliza: kiyoyozi kina nguvu ya kutosha kweli? Hesabu inajibu hapana, na jibu hilo ndilo linalofichua ujanja wenyewe. Injini ya farasi 840 huvuta zaidi ya nusu kilo ya hewa kila sekunde. Kuishusha hewa hiyo kwa nyuzi 80 kunahitaji kuondoa joto la takriban kilowati 50. Kiyoyozi cha gari huondoa kilowati chache tu, tuseme 5 hadi 7. Kikiachiwa kazi hiyo peke yake wakati injini inavuta kwa nguvu zote, kinazidiwa mara moja.

Lakini mbio za robo maili hazifiki dakika. Kwa gari hili, zinaisha chini ya sekunde 10. Kilowati 50 kwa sekunde 10 ni kilojuli 500. Kilo 10 za maji yaliyochanganywa na kizuia-ganda zinaweza kumeza joto lote hilo zikipanda nyuzi 14 hivi, hata kama rejeta isingesaidia chochote. Na kilo hizo 10 zinaweza kushushwa nyuzi 20 na kiyoyozi cha kilowati 5 kwa dakika mbili na kidogo, dereva akiwa bado kwenye foleni ya kuanza. Kwa maneno mengine, baridi huwekwa akiba kwanza, kisha hutumiwa yote kwa mkupuo.

Dodge iliongeza jambo moja linaloonekana dogo: injini ikizimwa, feni na pampu ya maji ya intakula huendelea kufanya kazi. Bila hivyo, joto la injini hupanda polepole hadi kwenye supachaja, na raundi ya pili huanza na chuma ambacho tayari kina moto. Wenye Mustang SVT Cobra za 2003 na 2004, nazo zenye supachaja, walilijua tatizo hilo vizuri. Baadhi yao walifunga tangi la barafu kwenye mzunguko wa maji, kwa kuwa kilo moja ya barafu humeza kilojuli 334 kwa kuyeyuka tu.

Uwanja ukibadilika, akiba hiyo haifui dafu. Chevrolet Corvette Z06 ya 2015, yenye farasi 650, ilitumia supachaja ndogo ya lita 1.7 inayozunguka hadi mara 20,000 kwa dakika. Kwenye viwanja vya mizunguko, baadhi ya wenye magari hayo walilalamika kwamba joto lilipanda na gari likajipunguzia nguvu. Kwa toleo la 2017, kampuni ilipanua matundu ya boneti na kubadili kifuniko cha supachaja. Ilipokuja ZR1 ya 2019 yenye farasi 755, supachaja ilikuwa ya lita 2.65, ikizunguka polepole zaidi ili isiichemshe hewa kupita kiasi, na vipozeo vya gari zima vilifika 13. Hakuna barafu inayodumu dakika 20 za kukimbia mfululizo. Huko kinachohitajika ni eneo kubwa la rejeta, upepo unaoingia, na njia pana ya upepo huo kutokea.

Kwa fundi anayetaka kuboresha gari la namna hii, sensa mbili za joto kwenye maji, moja kabla ya intakula na nyingine baada yake, zitamwokolea fedha nyingi. Maji yanayoingia yakiwa ya moto hata kabla ya kuanza, tatizo ni joto la kusimama, na dawa yake ni pampu na feni zinazoendelea baada ya kuzima. Yakianza baridi kisha yakapanda raundi baada ya raundi, rejeta ya mbele ni ndogo au haipati upepo. Yakiingia baridi na kutoka na tofauti kubwa mno, yanapita polepole: pampu ni dhaifu, au kuna hewa iliyonaswa kwenye mabomba. Na maji yakiingia baridi, yakatoka na tofauti ndogo, ilhali hewa bado ni ya moto, basi intakula yenyewe imefika mwisho wa uwezo wake, na hakuna rejeta, kiyoyozi wala barafu itakayosaidia sana kabla intakula hiyo haijabadilishwa.