Hongera, Mzee Zawose

Hukwe Zawose alipofariki Desemba 2003, wanamuziki wa Bagamoyo waliondokewa na rafiki na mwalimu kwa siku moja. Mgogo huyu wa Dodoma alikuwa ameitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere, akalipigia taifa changa muziki wa kwao bila kuupunguza Ugogo wake.

Ninachomvulia kofia kwanza ni ilimba yake. Ni sanduku la mbao lililopangwa vyuma vyembamba juu yake. Vingine hupigwa kwa vidole gumba; vingine haviguswi kabisa, bali huitikia vyenyewe wenzao wanapolia. Tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui, na hapo hutoka ule mvumo kama wa nyuki. Mzee aliikuza, akaongeza vyuma, kisha akaimba juu yake kwa sauti iliyotoka kifuani na kupanda hadi juu kabisa bila kukatika.

Alizunguka Ulaya, akatoa albamu ya Chibite kupitia Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Kwangu mimi, hata hivyo, kazi yake kubwa ni ile ya nyumbani: aliwafunza watoto, wapwa na wajukuu kwa kupiga nao. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha. Zamani wanawake wa ukoo huo waliitikia tu; leo wanaongoza.

Enyi watangazaji wa redio, pigeni nyimbo zao.