Upinde Huchaguliwa na Bega

Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ndiko baba yangu alikokuwa akifuata vitunguu kwa lori. Siku moja, magunia yakiwa yanapakiwa, nilimwona mzee wa Kihadzabe akinyoosha mshale kwa meno. Aliupitisha uti juu ya moto mpaka ukalainika, akauuma kwa magego, akaubonyeza kidogo, kisha akafumba jicho moja na kuutazama urefu wake wote. Hakuridhika. Akarudia, akarudia tena. Upinde wake ulikuwa umeegemezwa kwenye mgunga, urefu wake kama wa baba, umepakwa mafuta hadi unang'aa, na ugwe wake wa kano za mnyama. Nilimwamkia, kisha nikaomba kuuvuta.

"Marahaba. Huu ni wangu, mwanangu," alinijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Wako utachongwa ukikua."

Nilikua, nikahama, na wangu haukuchongwa. Leo naishi Upplands Väsby, kaskazini ya Stockholm, na mwaka huu ni wa nne tangu nianze kulenga shabaha. Desemba jua huku hutua kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo majira ya baridi tunalenga ukumbini, mita 18. Theluji ikiyeyuka tunaingia msituni kulenga wanyama wa sponji: nguruwe mwitu, paa, dubu, na yule mbawala mkubwa wa kaskazini ambaye Waswidi humwita älg. Upinde wangu ni wa vipande vitatu, wa kufunga na kufungua, na nimeununua. Nataka kueleza jinsi nilivyouchagua, kwa sababu nilianza kwa kukosea, na kosa lile ndilo lililonifunza maana ya maneno ya yule mzee.

Kwanza upinde wenyewe. Katikati pana mpini wa mbao, uliochongwa kufuata kiganja. Juu na chini hufungwa mabawa mawili, kila moja kwa bolti moja. Ndani ya bawa mna ukanda mwembamba wa mti au mwanzi, umebanwa na faibaglasi mbele na nyuma. Ncha za mabawa zimegeuka kuelekea upande ambao mshale unakwenda, na hapo ndipo penye siri yake. Upinde ukiwa umetiwa ugwe, ugwe hulala juu ya zile ncha. Unapovuta, ncha hufunguka na kufanya kazi kama nyenzo, hivyo mwisho wa mvuto hauwi mzito kwa ghafla, na mshale huondoka kwa kasi zaidi kuliko ule wa upinde mnyoofu wa uzito uleule. Waliogundua jambo hili walikuwa mafundi wa nyika za Asia, kwa pembe na kano na gundi, karne nyingi kabla ya faibaglasi. Sisi tumebadilisha malighafi tu.

Nguvu ya upinde hupimwa kwa ratili. Dukani nilichukua mabawa ya ratili 45, kwa kuwa nilisikia kwamba chini ya hapo si upinde wa mwindaji, na kwa kuwa kulikuwa na watu wanaotazama. Kwa miezi mitatu nilivuta kwa mgongo uliojikunja, kidevu kimeinuka, nikiuachia ugwe kabla mkono haujafika shavuni. Mishale ilitawanyika. Bega la kulia likaanza kuuma usiku, na mimi kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani, kuwainua na kuwalaza. Bega ndilo riziki. Mzee mmoja wa pale uwanjani aliniangalia kwa wiki kadhaa bila kusema neno. Huku kila mtu huitwa kwa jina lake tu, lakini mimi ulimi ulikataa, nikamwita Mzee, naye akalipokea. Siku aliyosema, alisema kwa ufupi: vuta, shikilia, hesabu pole pole mpaka 10, kisha rudisha bila kuachia. Sikufika 4.

Akanipima. Mikono ikiwa imenyooshwa kama mtu anayewambwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole nilikuwa sentimita 165. Ukigawanya kwa mbili na nusu unapata 66, yaani inchi 26. Huo ndio mvuto wangu. Nambari inayoandikwa kwenye bawa ni ya mvuto wa inchi 28, na kila inchi inayopungua hupunguza ratili mbili hadi tatu. Kumbe hata nambari niliyojivunia haikuwa yangu; ilikuwa ya mtu mwenye mikono mirefu kuliko mimi. Urefu wa upinde nao hufuata mvuto. Mwenye mikono mirefu akichukua upinde mfupi, ugwe humbana vidole kwa pembe kali. Mimi inchi 60 zinanitosha, na msituni, katikati ya misonobari, ufupi huo ni neema.

Nikabaki na mpini uleule, nikafunga mabawa ya ratili 30.

Hapa ndipo ninapousifu upinde wa vipande vitatu kwa moyo wote. Wengi huusifu kwa sababu unaingia kwenye begi. Ni kweli, kwenye treni ya kwenda Stockholm hakuna anayejua nimebeba nini. Lakini neema yake kubwa ni kwamba unakubali mwili ubadilike. Mpini ambao kiganja kimeuzoea unabaki, mabawa yanabadilika kadiri mgongo unavyopata nguvu. Baada ya mwaka nilipanda hadi 35, kisha 40. Mhadzabe akitaka upinde wa kumfaa, huchagua mti unaofaa, huuchonga, huuvuta, huuchonga tena, mpaka mti na bega vipatane. Anayenunua hana kisu hicho. Mabawa ya kubadilisha ndiyo kisu chake.

Yule mzee wa Mang'ola, nadhani, alikuwa akivuta ratili 70 hivi, ambazo ni za kawaida kwao. Waata, wawindaji wa Tsavo nchini Kenya, walipita 100. Kwa pinde hizo na sumu ya msunguti walimwangusha tembo. Tsavo ikawa hifadhi mwaka 1948, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Tembo walihitaji kulindwa, sibishani na hilo. Ila nikifikiria mikono iliyojua kuchonga upinde wa namna ile, ikazeeka bila mwanafunzi, naona huzuni ambayo sijawahi kuiona ikiandikwa vya kutosha.

Mimi siwindi. Hata hivyo nilichagua kama mwindaji, kwa sababu maswali ya mwindaji ndiyo yenye uzito. Risasi hupiga kwa kishindo. Mshale usio na sumu huua kwa makali yake, kwa kumwaga damu. Kwa hiyo mwindaji lazima asogee karibu, hatua 20 au chini ya hapo, na lazima awe na hakika. Denmark, majirani zetu, wameruhusu kuwinda paa kwa upinde tangu 1999, lakini kwanza mtu afaulu mtihani wa kulenga. Nauona huo ni uungwana. Upinde wa ratili 60 unaotetemeka mkononi humjeruhi mnyama akafie mbali. Wa 45 uliotulia humlaza karibu. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaokuja uwanjani wasiulize upinde una nguvu kiasi gani, waulize wao wanaweza kutulia nao kiasi gani.

Mambo mengine ni ya usikivu. Mshale uwe na ugumu unaolingana na upinde: ukiwa laini mno au mgumu mno, utakwenda kando hata kama umelenga vizuri. Ugwe utiwe kwa kamba yake maalumu inayokunja mabawa yote mawili kwa pamoja. Wanaoupinda upinde kwa kuupitisha mguuni huyapotosha mabawa. Na ugwe usiachiwe kamwe bila mshale, maana nguvu isiyo na mahali pa kwenda huupasua upinde.

Nchi hii ya Uppland nayo inaujua upinde tangu kale. Böksta, upande wa Uppsala, kuna jiwe la karne ya 11 lenye picha ya mwindaji juu ya farasi, mbwa, mnyama anayekimbia, na kando mtu juu ya mbao za kutelezea thelujini, upinde mkononi. Wengi humdhania kuwa Ull, mungu wa kale wa wapiga mishale. Na huko Bro, si mbali na Väsby, mwaka 2007 wachimbuaji walifukua mahali patakatifu pa huyo Ull, Lilla Ullevi, wakakuta pete za chuma kwa makumi. Tangu nijue hayo, naingia msituni kama mtu aliyekaribishwa.

Mwaka jana binamu yangu aliyebaki Mang'ola alinipigia simu ya video akiwa shambani. Karibu naye alikuwepo kijana wa Kihadzabe aliyekuja kuuza asali, na vichwa vya mishale vya Mdatoga mhunzi vikiwa podoni mwake, vya misumari iliyofuliwa. Nikamwonyesha upinde wangu. Nikaufungua mbele ya kamera, bawa la juu, bawa la chini, nikaufunga tena. Alitazama bila kupepesa. Akaomba niusogeze, aone mpini.

"Nani kauchonga?"

Nikamwambia ni kiwanda, simjui mtu. Akanyamaza kidogo.

"Na hiyo bolti, kaka, ikikudondokea porini?"

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo nilinunua bolti mbili za akiba. Zimo kwenye mfuko mdogo wa ndani ya begi, upande wa kushoto, pamoja na ugwe wa pili na kipande cha nta.