Usichanganye ‘anwani’ na ‘kitambulisho’ cha kifaa

MAJUZI nilikuwa katika afisi moja karibu na Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa. Mtandao ulikuwa umelemewa na fundi akataka kujua ni kompyuta ipi iliyokuwa ikiusonga. Juu ya swichi palibandikwa karatasi iliyoandikwa ‘Anwani za mashine’. Karani akaisoma, akachomoa waya. Ala! Kumbe ulikuwa wa mhasibu aliyekuwa akiandaa mishahara.

“Mzee wangu, nilitaka anwani ya MAC, si hiyo ya IP!” fundi akalalama.

“Anwani ni anwani, mwanangu,” karani akajibu.

Kwa maoni yangu, karani hakukosea. Neno ndilo lililomponza.

Hebu tutazame kazi ya swichi. Data inapoingia kupitia tundu fulani, swichi husoma nambari ya MAC ya kifaa kilichoituma, kisha huandika katika jedwali lake: nambari hii, tundu hili. Nambari hiyo ina tarakimu na herufi 12; sita za mwanzo kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Hutiwa kiwandani, na kifaa kinapohamishwa huenda nayo. Anwani ya IP, kwa upande mwingine, hutolewa kulingana na mtandao ambamo kifaa kimo, na huweza kupewa kifaa kingine kesho. Ndivyo ilivyokuwa kwa karatasi ile: anwani ilikuwa imeshahama.

Mkazi wa Kibokoni akihamia Kisauni, anwani yake hubadilika. Kitambulisho chake hakibadiliki. Kwa nini basi vitu hivi viwili tuviite kwa jina moja?

Wapo watakaosema kwamba ‘anwani’ pia ni jina la kitabu, nalo halihami. Ni kweli. Hata hivyo, Mkenya wa kawaida akisikia ‘anwani’ hukumbuka sanduku la posta. Kiingereza nacho hutumia neno moja kwa dhana zote mbili, lakini si lazima turithi utata wa wenyewe.

Napendekeza tuseme ‘kitambulisho cha MAC’ na ‘anwani ya IP’. Hapo agizo la fundi litaeleweka hata na asiye fundi: tafuta kitambulisho katika jedwali la swichi, ufuate tundu lake, ndipo uchomoe waya.

Siku ile mishahara ilichelewa. Sababu ni neno moja tu.